Mama Mdogo Alisimama Mlangoni

Binamu yangu Leland Bitsinnie ana mgongo mbovu, magoti mabovu na moyo mzuri, na kwa muda mrefu niliamini kwamba moyo mzuri unamtosha mtu. Maisha yake yote alifanya kazi ya umeme, kusimika nguzo na kuvuta nyaya katika nchi yetu hii ya mawe mekundu, ambako shimo la nguzo moja linaweza kula siku nzima. Alipostaafu, mkewe akiwa ameshatangulia, binti yake wa Phoenix alimletea kamera ili asishinde ndani akibishana na televisheni. Binti alidhani baba yake atapiga picha za wajukuu. Hakujua kwamba amemwozesha mke wa pili.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi ni mtani wake. Baba yake na mama yangu ni ndugu, na kwetu watoto wa namna hiyo hutaniana mpaka meno yaishe kinywani. Naitwa Earlene, naendesha basi la shule, kwa hiyo naamka mapema kama yeye. Jumamosi alikuwa akinipitia na gari lake la mizigo twende ukingoni mwa korongo kulisubiri jua. Yeye anasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, mimi nashika chupa ya kahawa na kumchokoza.

"Bado tu?"

"Bado."

"Hilo jua linajua kwamba unalisubiri? Au tulipigie simu?"

"Earlene, ukicheka unakanyagakanyaga mawe, na kamera inatikisika. Chekea garini."

Lakini ufundi alikuwa nao, lazima niseme. Watu wengi hudhani picha nzuri ni ya jua lenyewe likichomoza. Leland alisubiri ile nafasi fupi kabla jua halijaingia korongoni, ukuta wa juu unaposhika rangi ya kaa la moto na kuirusha chini kwenye ukuta wa pili, huku kwenye sakafu ya korongo kivuli kikiwa bado cha buluu. Alipiga mahali palepale mara tatu, moja yenye giza, moja ya wastani, moja yenye mwanga mwingi. Kisha nyumbani, katika kile chumba chenye mashine ya kufulia, alikaa mbele ya kompyuta akiziunganisha, akiinua kivuli hiki na kushusha mwanga ule, mpaka maharagwe yakaungua jikoni na yeye asisikie harufu.

Hayo yote alifundishwa na wageni. Kila msimu wa majani kupukutika wapiga picha wa mijini huja na mwalimu wao, hulala kwenye moteli ya barabara kuu, na magari yao hunasa mchangani. Leland huwavuta. Kwa shukrani mwalimu alimruhusu akae nyuma darasani. Alijifunza mengi mazuri pale, na alijifunza neno moja baya. "Kabla ya yote, ondoeni takataka," mwalimu alikuwa akisema. Takataka kwao ni waya, nguzo, tangi la maji, bati, barabara, kila kitu kinachoonyesha kuwa binadamu amepita hapo. Katika mashindano yao, picha ya mandhari yenye alama ya mkono wa mtu haivuki hata raundi ya kwanza. Kwa hiyo kuna brashi ndani ya kompyuta. Ukiipitisha juu ya kitu, inachukua mchanga wa jirani na kukifunika, na kitu hicho kinakuwa hakijawahi kuwapo. Leland, aliyesimika nusu ya nguzo za upande wetu kwa mikono yake, akawa anazing'oa kwa kidole kimoja huku akinywa soda.

Sasa niwaambie habari za Bibi Zonnie Begishie. Anaishi chini kabisa, kwenye sakafu ya Korongo la Farasi Wawili, peke yake na kondoo na mbwa. Yeye na mama yake Leland ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo kwa Leland yeye ni mama mdogo, na anamwita mwanangu. Sehemu kubwa ya maisha yake aliwasha taa ya mafuta. Aliyemshushia umeme kule chini ni Leland na wenzake, wakati bado ana mgongo. Siku hiyo Mama Mdogo alichinja kondoo na kuwalisha wote mpaka wakashindwa kupanda ngazi. Tangu wakati huo balbu ya nje huiacha inawaka mpaka kupambazuke kabisa. Anasema anayekuja ajue kuna watu.

Basi ilijengwa kliniki mpya karibu na barabara kuu, na wenyewe wakatangaza wanataka picha kubwa ya hapa kwetu, iliyopigwa na mtu wa hapa kwetu, wakaitundike ukumbi wa kungojea. Leland akamwambia Mama Mdogo, "Jumamosi nitalipiga korongo lako kutoka juu. Wakiichagua, wagonjwa wote watakuwa wanalitazama." Alisema kwa mapenzi, na mimi nilikuwapo.

Jumamosi yenyewe nilikuwapo pia. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na mwanga ulipokuja ulikuja vizuri hata mimi nikanyamaza. Chini kabisa nyumba ilionekana ndogo kama kiberiti, na balbu yake, na nguzo zikishuka mpaka mlangoni. Kando ya mlango kulikuwa na kitu chekundu.

"Ameanika blanketi," Leland akasema, jicho likiwa kwenye kamera.

Mimi nilikuwa namimina kahawa. Sikutazama.

Picha ikapelekwa, ikachaguliwa. Nilimwomba anionyeshe, akaringa. "Utaiona ukutani kama watu wengine." Nikamwacha na maringo yake.

Wiki chache baadaye tulikuwa sokoni, kwenye lile gulio la pembeni mwa barabara, tunakula nyama ya kondoo na mkate wa kukaanga, Mama Mdogo akatukuta. Akatusalimia kwa mkono, akatulia kidogo kama ilivyo adabu, kisha akamgeukia Leland.

"Mwanangu, nilitoka vizuri?"

"Kutoka wapi, mama?"

"Kwenye picha. Nilisimama mlangoni tangu giza. Nilivaa blauzi ya mahameli, ile nyekundu, na shanga za marehemu mama. Mbwa niliwafunga wasije wakajipitisha. Nilisimama wima mpaka mguu ukafa ganzi. Taa za gari lenu niliziona kule juu, nikajua mnanipiga."

Niliinua macho kumtazama Leland. Uso ulikuwa umemshuka, na kipande cha mkate kimesimama njiani kwenda mdomoni.

"Ulitoka vizuri," akasema.

"Wima?"

"Wima, mama."

Akafurahi, akaenda zake kutafuta pilipili. Leland akaweka sahani chini. Nilimwuliza kuna nini, hakunijibu mpaka tulipofika kwake, akawasha kompyuta na kuifungua picha ya mwanzo, ile ambayo haijaguswa. Akaivuta karibu. Akaivuta tena. Lile blanketi likaota kichwa, likaota miguu. Alikuwa ni Mama Mdogo, mdogo kama punje ya mtama, mikono imenyooka ubavuni, ameinua uso kututazama.

Kisha akafungua ile iliyochaguliwa. Palikuwa na mchanga. Mchanga laini, na kichaka kimoja alichokinakili kutoka kando ili pasionekane patupu.

"Nimemfuta mama yangu," akasema, "kama unavyofuta alama ya kidole kwenye kioo."

"Umemfuta yeye, na nyumba, na zizi. Na nguzo umezifuta, ambazo ulizisimika mwenyewe." Mdomo wangu haujui kusubiri.

"Nguzo ndizo nilizoanza nazo," akasema kwa sauti ndogo. "Unajua kinachoniuma, Earlene? Sikufikiri. Ningefikiri nikaamua kumfuta, ningejua mimi ni mbaya, basi. Lakini mkono ulienda wenyewe. Niliona takataka."

Alipiga simu kliniki. Mama mmoja wa ofisini akamwambia picha imeshachapwa kwenye bati la alumini na kukazwa ukutani kwa bolti, na wote wanaipenda mno, kwa sababu inamtuliza mtu, kama mahali ambapo hajawahi kufika mtu. Leland akashukuru, akakata simu, akakaa kitandani na viatu vyake.

Ikabaki jambo moja tu, kumwambia Mama Mdogo kabla ya siku ya kufunua picha. Nilidhani ni jambo dogo. Mtu anakwenda, anasema, anatukanwa kidogo, anakunywa kahawa, yameisha. Kumbe aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko nguzo. Alikwenda mara ya kwanza, akajikuta anampasulia kuni. Alikwenda mara ya pili, akamrekebishia bati la zizi. Mara ya tatu akampelekea nyasi za kondoo, marobota ya kuwafikisha majira mengine. Mama Mdogo akaja kuniuliza pembeni, "Leland ana nini siku hizi? Amekuwa mwema mpaka naogopa. Daktari amemwambia kitu?"

Nilimpa yake garini. "Mficha uchi hazai. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini? Kabla hajaona mwenyewe, au kabla hajafa?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Kila mtu ameshamwalika. Ndugu zake wa Tuba City wanakuja na magari mawili kumtazama ukutani. Unamwacha aingie mle ndani mbele ya watu akajitafute?"

Akageuzia uso dirishani. Ukingoni aliacha kwenda. Kamera aliifungia kabatini na akawa hapiti hata karibu na kabati.

Siku ikafika na hakuwa amesema. Ukumbi ulijaa, watu wamekaa kwenye viti vipya ambavyo bado vina nailoni. Mzee mmoja aliomba dua ndefu, wakubwa walihutubia, na Mama Mdogo alikaa mstari wa mbele na ileile blauzi ya mahameli nyekundu, shanga kifuani, nywele zimefungwa kwa uzi mweupe. Kisha wakavuta kitambaa.

Watu walisema "aaa", maana kweli ilikuwa nzuri. Halafu wakaanza kutafuta kwa macho. Sisi wa hapa tunalijua lile korongo kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao. Mtoto mmoja nyuma yangu akauliza nyumba ya bibi iko wapi, na mama yake akamfinya.

Mama Mdogo akainuka na fimbo yake. Hakutaka kushikwa. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anangoja zamu ya kupasuliwa, kwa hiyo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Akainua kidole. Akakianzisha kwenye kona ya korongo, akakipitisha kwenye ule mwamba mkubwa, akakishusha taratibu kwenye sakafu mpaka pale panapostahili kuwa na mlango wake. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena.

"Mwanangu," akasema, na ukumbi mzima ukasikia, "macho haya yameisha. Njoo unionyeshe nilipo."

Moyoni nikasema, sema sasa, Leland. Amekufungulia mlango mwenyewe, pita. Akaenda mbele, hatua zake nzito. Akamshika kiganja kwa upole, akakiweka kidole cha yule mwanamke juu ya mchanga mtupu.

"Hapa, mama mdogo."

Mama Mdogo alikiacha kidole pale. Alikiacha muda mrefu, mimi nikatazama viatu vyangu.

"Eeh," akasema. "Nimejiona. Nimesimama wima."

Watu wakapiga makofi bila kutazamana. Nimewahi kuona watu wakifedheheka, nimeona mpaka mchungaji wa kanisa aliyekutwa na kuku wa jirani chini ya koti, lakini sijaona aibu ikimkalia mtu kama ilivyomkalia Leland pale ukutani. Masikio yalimwiva. Alitoka nje bila kula, na nyama ilikuwapo.

Nilimfuata kwenye magari. "Umemshika kidole bibi asiyeona ukakiweka kwenye mchanga."

"Najua."

"Mbele ya wajukuu zake."

"Najua, Earlene."

"Kama unajua, kwa nini ulifanya?"

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na watu walipita wakiona, na hakujificha. "Niliogopa watu," akasema. "Nilimwonea haya yeye, na nikawaogopa watu. Nikaona bora mchanga." Nilikuwa na maneno mengine mazito tayari mdomoni. Niliyameza.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu na bahasha kubwa. Alikuwa ameichapa ile picha ya mwanzo, yenye nguzo, zizi, tangi, lori bovu lisilo na magurudumu, balbu, na mwanamke. Nikachukua funguo, nikaendesha mimi. Njia nzima hatukutaniana.

Mama Mdogo alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye jua, anachambua sufu. Akatusalimia kwa mkono. Hakuuliza tumefuata nini. Leland alipewa kiti, akakikataa, akakaa chini kwenye mchanga na magoti yake yale mabovu. Mbwa walikuja wakatunusa, wakaondoka.

"Mama mdogo, nimekuja kusema kitu."

"Sema."

"Ile picha. Wewe huonekani mle. Nilikufuta, na nyumba nikafuta, kila kitu. Sikujua kuwa ni wewe, lakini nilikufuta. Na ulipouliza sokoni nilikudanganya. Na jana pale nilipokiweka kidole chako hapakuwa na kitu."

Mama Mdogo aliendelea kuchambua sufu. "Najua," akasema.

Leland akainua kichwa.

"Nina mtoto wa jicho, sina wazimu. Nguzo zile nyeusi naziona hata nikiwa juu kwa majirani. Jana nilitafuta nguzo, kwa sababu nguzo zinanileta mpaka mlangoni. Sikuziona. Nikajua nyumba haipo, na mimi sipo."

"Sasa mbona ulisema umejiona?"

Akamtazama kama vile ameuliza swali la kitoto. "Watu wote walikuwa wanakutazama wewe. Wewe ni mwana wa dada yangu. Ulitaka nikuvue nguo mbele yao?"

Leland aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Nilijionea haya hata mimi, ambaye sikufuta kitu, kwa yale yote niliyomtolea kwenye magari huku mwenye haki ya kusema alikuwa ndani anagawa nyama.

Baadaye akatoa picha kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili. Mama Mdogo akaileta karibu na jicho la kushoto, ambalo lina nafuu. Akazifuata nguzo kwa kidole, moja baada ya moja, mpaka chini. Akatulia pale penye wekundu.

"Blauzi imetoka," akasema.

"Imetoka, mama."

"Nikuulize kitu kimoja, halafu tunywe kahawa. Nilikuwa nakuharibia picha?"

Nilijua majibu yote aliyokuwa nayo. Alikuwa na sheria za mashindano, na mwalimu wa moteli, na wageni wote wenye kofia. Nilikaza mguu, tayari kumpiga teke akianza.

"Hapana," akasema. "Sikukutazama. Nilingoja jua, nikatazama mwanga, nikatazama ukuta na kivuli. Wewe ulisimama tangu giza, na mimi sikukutazama hata mara moja."

Mama Mdogo akairudisha picha ndani ya bahasha, akaifunga vizuri, akamnyooshea Leland.

"Ni yako, mama. Nimekuletea wewe."

"Mimi ya nini? Mimi najua niliposimama. Kaa nayo wewe, mpaka uzoee kuniona."

Leland akaipokea.